Kitanda Kilicho Mbali na Jiko

Mwenye gesti alinitazama nikivua viatu, nikapanda kitandani, nikalala chali na kufumba macho. Nadhani alikuwa ameshaanza kujuta kunifungulia chumba. Nikamweleza kwamba siumwi wala sijachoka, natafuta tu mahali pa kumlaza mama yangu tutakapokuja kutembea hifadhini, na godoro huwezi kulijua kwa kulibonyeza na kiganja. Godoro lilikuwa zuri, shuka zinanukia sabuni. Lakini nilipotoka uani nikakuta majiko ya mkaa yamepangwa chini ya mlimao, moja lina sufuria ya maharage, na pembeni kuna kigoda kitupu. Mtu yeyote angeweza kukivuta akakaa. Nikamshukuru, nikavaa viatu, nikaondoka.

Hapo nilikuwa Mang'ula, chini kabisa ya Milima ya Udzungwa. Kutoka kwetu Ifakara si mbali, unaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, na hicho ndicho kilichofanya watu wanicheke nilipotangaza kwamba tunakwenda kulala huko kwa likizo. Mteja wangu mmoja, nikiwa nampima kiuno, aliniuliza kama nyumbani kwangu kumeingia kunguni.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu mtaa wa Viwanja Sitini. Mwaka huo nilishona sare za kwaya tatu, nikalipwa vizuri na kwa wakati, jambo ambalo wenzangu wa cherehani wanajua halitokei mara nyingi. Pesa ile nikaikatia shauri siku ileile. Nilitaka kumpeleka Mama mlimani.

Mama analima mpunga Katindiuka. Ukisimama uwanjani kwake, mlima ule unauona vizuri, na maisha yake yote ameutumia kujua mvua. Wingu likikaa juu ya mlima anakusanya mpunga ulioanikwa, wingu likiondoka anauanika tena. Sisi wanawe tulipokuwa wadogo tulikuwa tukimsikia anaugombeza mlima kama jirani mkorofi. Lakini kuupanda hakuwahi. Ameupita tu akiwa safarini kwenda Morogoro kwenye matibabu ya Baba, na safari ya namna hiyo mtu haangalii dirishani.

Nilipomwambia twende tukalale Mang'ula, akaniuliza nani anaumwa. Nikasema hakuna. Akauliza basi nani amefariki. Ilinichukua muda kumwelewesha, na sikumlaumu. Kwetu bondeni mtu halali nje ya nyumba yake bila sababu. Unalala hospitali kumwuguza ndugu, unalala msibani, au unahamia shamba. Hilo la mwisho ndilo tulilokulia. Mpunga ukianza kuchanua, watu wanafunga nyumba zao mjini, wanabeba sufuria, vyandarua na mikeka, wanakwenda kuishi dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya miguu katikati ya shamba. Huko unaamia ndege mpaka mavuno. Alfajiri ndege hawajaamka wewe umeshaamka, una kopo la kugonga na kombeo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka.

Kwa hiyo nina umri huu, na sijawahi kumwona Mama amelala jua limetoka. Hata siku moja. Akiwa kwake anawatangulia majogoo. Akija kwangu nakuta vyombo vimeoshwa, na vipande vya vitambaa vimepangwa kwa rangi. Nilitaka alale mahali ambapo hakuna ndege wa kuamia, hakuna mgonjwa, hakuna vyombo, aamke mwili wenyewe ukitaka. Ni hilo tu. Mlima, maporomoko ya Sanje, mbega wekundu, hivyo vyote nilivitaka kwa ajili yangu, tena kwa uroho, maana nilikuwa nimeshaitazama video ya maporomoko kwenye simu mpaka bando likaisha. Kwa Mama nilitaka usingizi.

Sasa, tatizo lilikuwa shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu Baba, anaishi Mang'ula hapohapo, karibu na geti la hifadhi. Ukiwa na ndugu mahali, kwetu unalala kwa ndugu. Gesti ni ya wageni wasio na kwao, na ya watu wanaoficha jambo. Kwenda Mang'ula ukalala kitanda cha kulipia wakati shangazi ana nyumba yenye vyumba vinne ni kumtangazia mji mzima kwamba mmegombana, au kwamba nyumba yake ni chafu.

Na nyumba ya shangazi si chafu, ndiyo shida yenyewe. Mama na shangazi ni mawifi wanaopendana sana, lakini hawajui kukaa pamoja bila kunyang'anyana ufagio. Mama anaona kwamba mke wa mdogo mtu hawezi kukaa kitako kwa wifi yake mkubwa kama mgeni wa kutoka Dar. Shangazi anaona kwamba mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni afagie. Basi kila mmoja anaamka mapema kumwahi mwenzake. Mara ya mwisho tulipokwenda pale kwa kipaimara, niliamka kiza bado kizito nikasikia mafagio mawili uani, kila mmoja na upande wake, wanafagia huku wanaulizana habari za kulala. Walikuwa hawajalala.

Ndiyo maana nilifunga kibanda siku nzima nikaenda mwenyewe kukagua. Picha za kwenye simu nilikuwa nimeshaziona zote. Zilionyesha vitanda, maua, mlima nyuma, lakini hakuna aliyepiga picha ya jiko, na mimi nilikuwa naulizia jiko. Kila nilipofika, kabla ya bei, niliuliza: jiko lenu liko wapi, na mgeni anaweza kuingia? Walidhani mimi ni bwana afya.

Ile gesti ya majiko ya mkaa nimeshaisimulia. Mama angekuwa kwenye kile kigoda kabla sijamaliza kushusha mizigo. Nikaenda hosteli moja tulivu yenye bustani, nikaipenda mpaka niliposoma karatasi ukutani: kila mgeni ataosha vyombo vyake. Mama angeosha vya hosteli nzima. Kulikuwa na hoteli yenye bwawa la kuogelea na wazungu wamelala kandokando yake, lakini ile hata kuuliza bei nilijionea haya, nikanywa soda moja ya bei ya chakula cha siku nzima, nikatoka.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea mlima, na mimi nimeanza kununa, nilipofika kwenye kambi ya mahema. Iko kandoni mwa msitu, ng'ambo ya kijito kidogo. Mahema yenyewe ni makubwa, yamesimamishwa juu ya sakafu ya mbao, ndani kuna vitanda viwili vya kweli vyenye vyandarua, mbele kuna baraza. Nikalala chali. Nikageuka ubavu. Nilisikia maji, nikasikia kitu kinaruka kwenye matawi, nikafumbua macho nikaona mlima wote mlangoni, wa kijani, mkubwa, karibu kuliko nilivyowahi kuuona. Nilitaka kulipa palepale. Lakini nikajizuia, nikauliza jiko.

Jiko lilikuwa upande wa pili wa kijito. Lina ua wa mianzi, mlango wa mbao na komeo kwa ndani, na juu ya mlango wameandika kwa rangi nyekundu kwamba wageni hawaruhusiwi kuingia. Nilimshika mikono dada wa mapokezi, nikairusharusha. Nikamwambia ninachukua hema hili hili, na tafadhali mlango ule ufungwe kweli.

Siku ya safari nilifika Katindiuka na gari la kukodi. Mama alikuwa tayari tangu asubuhi, amekaa juu ya mzigo. Nilikuwa nimemwambia achukue nguo za kubadilisha na viatu vya kutembelea. Yeye alikuwa amefunga mkeka, sufuria mbili, mwiko, chandarua, kibuyu cha maji, jembe dogo na mchele nusu kiroba. Akili yake ilikuwa imepata sababu moja tu ya kwenda kulala mahali pasipo na mgonjwa wala msiba, na sababu hiyo ni kuhamia shamba. Nilicheka mpaka dereva akazima gari kunisubiri. Jembe tuliliacha kwa jirani, na sufuria pia baada ya mabishano. Mchele alikataa kuuacha. Alisema hawezi kufika kwa watu mikono mitupu, na kwamba mchele wa hotelini hauna harufu, unakula tu kwa kuwa una njaa.

Njiani alikuwa anacheka mwenyewe. Kila mlima ulivyokaribia alikuwa anakisogelea kioo, ananionyesha mabonde ambayo wingu hukaa kwanza, akisema kumbe huku ndiko yalikokuwa yanatoka yale maudhi yote. Mimi niliimba. Dereva naye akaimba.

Kambini alimsalimia kila mtu, hata fundi aliyekuwa juu ya paa. Akaomba kumwona mpishi ili amkabidhi mchele, na mpishi akatoka nje ya ua wake wa mianzi, mama wa makamo mwenye kilemba. Wakasalimiana, wakaulizana wanatokea wapi, ukoo gani. Mpishi akachukua mchele, akainusa konzi moja, akafurahi, akasema huo ndio atakaoupika jioni. Mama akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nikafurahi na mimi. Sikujua kwamba mpishi yule anasali jumuiya moja na shangazi, na kwamba kabla mchele haujafika jikoni alikuwa ameshapiga simu kumpongeza mwenzake kwa kupata wageni.

Shangazi alifika jioni kabla ya chakula. Tulikuwa barazani, mbega wanaruka juu yetu kutoka mti hadi mti, mkia mrefu nyuma, na Mama ameinua uso na kinywa wazi kama mtoto. Nilimwona shangazi anavuka daraja la kijito, kanga mbili, mwendo wa haraka.

Mama akasimama. Akasema, "Shikamoo, wifi."

Shangazi hakuitikia. Kwetu shikamoo huitikiwa hata na mtu aliye kitandani hajiwezi. Alisimama chini ya ngazi akalitazama hema, kamba zake, zipu yake, vitanda vyake viwili vilivyotandikwa. Kisha akamuuliza Mama, kwa sauti ya chini tu:

"Kwangu kuna nini mpaka mje kulala kwenye turubai?"

Nilimwona mikono yake inatafuta kanga iliyokuwa imetundikwa kwenye kiti, akaanza kuikunja. Nilijua kinachofuata. Angekunja kanga, angeukunja mkeka wake, angesema lilikuwa wazo la huyu mtoto, na jioni ile tungekuwa kwa shangazi, na alfajiri mafagio mawili uani. Yote niliyoyahangaikia, magodoro yote niliyoyalalia, yalikuwa yanakunjwa pamoja na ile kanga mbele ya macho yangu.

Mimi hasira zangu ziko karibu, wala sikuzisubirisha. Nilimwambia shangazi kwamba ni mimi niliyechagua, Mama hana kosa. Nikasema nyumba yake ni nzuri, chakula chake ni kitamu, na hakuna anayemchukia. Halafu nikasema lile lenyewe.

"Shangazi, tangu nizaliwe sijamwona Mama amelala jua limetoka. Na kwako hawezi. Nataka alale, basi."

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa ua wake na mwiko mkononi, anajua ameshaharibu. Shangazi alimwangalia Mama kwa muda mrefu, kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Nilifikiri ataondoka na tutayasikia haya kwenye kila harusi na kila msiba mpaka tunazeeka. Akapanda ngazi. Akaingia hemani na viatu vyake. Akakaa kwenye kitanda changu, akanesanesa kidogo, akaweka kiganja juu ya mto.

"Na mimi," akasema, "unafikiri nimelala lini?"

Nilikuwa nimezunguka Mang'ula nzima namtafutia kitanda mwanamke mmoja, na kwenye yale mafagio mawili nilikuwa nimelihesabu moja. Shangazi alibaki mjane kabla ya Mama. Amelea wanawe, amelea wajukuu, amempokea kila mtu wa ukoo wetu anayepita barabara ile, na mimi siku zote nilimwona kama nyumba ya kufikia.

Nikamwambia alale hapo. Kitanda nilikuwa nimeshakilipia, tena ni changu. Akakataa mara moja, akaanza kutaja vitu vyake. Nani atawafungulia kuku? Nikasema mimi. Na mbuzi anayenyonyesha? Mimi. Na uwanja, majani ya mwembe yanadondoka usiku kucha? Nikasema nitaufagia. Hapo Mama akacheka, kicheko cha puani ambacho hukitoa akikumbuka ninavyofagia. Shangazi akafikiri. Halafu akamgeukia mpishi, akamuuliza chai ya asubuhi hapa mtu anaifuata au analetewa. Mpishi akajibu analetewa, mpaka hapo barazani, na mkate.

"Marahaba, wifi," shangazi akasema, akavua viatu.

Tulikula mchele wa Mama wote pamoja. Waliusifu mchele, wakaisema mboga ya mpishi kwa upole kwamba ingekaa motoni zaidi, wakaagizana kila mmoja alale na kilemba kwa sababu ya baridi ya mlimani. Nilipowaacha walikuwa wamelala chali, kila mmoja kitandani kwake, wanaongea wakiangalia dari la turubai. Nilichukua ufunguo wa shangazi nikaenda kulala kwake.

Asubuhi niliamka gizani ili niwahi. Niliwafungulia kuku, nikamhudumia mbuzi, nikaufagia uwanja wote, hata nyuma ya choo. Jirani mmoja aliyekuwa anapita akaniuliza shangazi kampata lini binti wa kazi. Nikamjibu jana. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nilikuwa na furaha ya ajabu, nikawa nafagia haraka haraka kwa sababu siku ile ndiyo ilikuwa ya maporomoko. Tulikubaliana na mwongoza wageni tuanze kupanda mapema, kabla ya joto, maana njia ya Sanje ina mwinuko na Mama si msichana. Nilikuwa nimetayarisha viatu tangu wiki iliyopita.

Nilivuka kijito mbio. Mwongoza wageni alikuwa ameshafika, ameegemea daraja, ana fimbo tatu za kupandia. Mpishi naye alikuwa anakuja na sinia la chai, birika linatoa moshi. Jua lilikuwa limeshavuka miti, limelifikia hema, linaangaza turubai lote. Zipu ilikuwa imefungwa mpaka chini.

Nikasogea taratibu nikatega sikio. Walikuwa wanakoroma. Mkoromo wa Mama ulikuwa mwembamba, wenye kupiga mluzi kidogo mwishoni. Sikuwahi kuujua. Wa shangazi ulikuwa mzito, wa mtu aliyekuwa na deni la miaka.

Mpishi akaninong'oneza niwaamshe, chai itapoa. Mwongoza wageni akaonyesha jua kwa fimbo, akaniambia tukichelewa zaidi leo hatutafika juu. Niliutazama mlima. Nilikuwa nautaka, nilikuwa nautaka sana, video yote naijua kwa moyo. Nikamwambia maji yale yapo tu, hayahami. Nikalichukua lile sinia nikaliweka chini, nikakaa kwenye ngazi ya hema.

Mbega mmoja akashuka kwenye tawi lililo juu ya turubai, akaanza kuchuma matunda na kudondosha maganda, tap, tap. Nikasimama nikimpungia mikono yote miwili, nikaruka, nikatikisa kanga hewani, nikafanya kila kitu ambacho Mama alinifundisha kufanya juu ya dungu, isipokuwa kupiga kelele.